Kiti cha Mama Mkwe

Nilipopanda Makote kupeleka neno la posa, nilibeba jembe. Kule juu Newala, kijana anayetaka binti wa watu hupimwa kwenye shamba la kwao binti. Atapalilia mikorosho, atang'oa visiki, atachimba shimo la choo, na wakwe watakaa pembeni wakiangalia kama mgongo wake ni wa kazi au wa kuegemea ukuta. Mimi ni mtu wa Lulindi, wa nyumba ya kanisa. Babu alikuwa mwalimu wa misheni, baba akawa mwalimu, nami nikafuata njia hiyohiyo. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hupeana mikono mlangoni mwa kanisa na kula meza moja, na mengi ya wazee yalikwisha kulegea. Lakini mama alinionya nisiende mikono mitupu kwa watu wa juu, kwa hiyo nikalitia jembe mpini mpya na kupanda nalo lori.

Mjomba wa mchumba wangu alinipokea uani. Baba wa binti alikwisha kufariki, ila hata angekuwa hai, neno la mwisho lingekuwa la mjomba. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama ndiye anayemtoa binti au kumnyima. Alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye sauti ya dereva aliyezoea kuongea juu ya kelele za injini. Nikachuchumaa nikampa shikamoo, akaitika marahaba. Akalitazama jembe, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu, huko Masasi unafundisha nini?"

"Fizikia, mjomba."

"Umeme umo?"

"Umo."

"Basi weka hilo jembe. Nifuate."

Nyuma ya nyumba, ndani ya kibanda cha nyasi, palikuwa na pikapu ya bluu, au niseme iliyowahi kuwa bluu. Mjomba alikuwa ameiendesha miaka mingi akiwa ameajiriwa, na mwajiri alipofunga kazi na kuuza magari yake chakavu kwa mnada, yeye akainunua. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu akiruhusiwa kuuza na kununua, na mtu aliyezoea kuendesha gari la wenyewe ghafla anaendesha la kwake. Hakuna kitu alichokipenda kuliko gari lile. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi, lakini kibanda cha gari ndicho kilichoezekwa upya kila mwaka.

"Ugonjwa wake ni umeme," akasema. "Likiamka vibaya, ukizungusha ufunguo linasema ta, ta, ta, basi. Mnasukuma. Likishawaka, ukikanyaga mafuta sana, balbu zinaungua. Na ukishuka mteremko wa Masasi na taa zako zinawaka, ukigusa breki, injini inazima. Kwenye kona, mwalimu. Kwenye kona!"

"Kila siku?"

"Siku nyingine halina neno. Dada yangu akiwemo, halina neno kabisa."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Dada yake ndiye mama wa mchumba wangu. Majirani walimwita Mama Mwalimu, kwa kuwa binti yake alikuwa akifundisha shule ya msingi kule Masasi, na huko ndiko tulikokutana. Ndani ya pikapu mlikuwa na viti viwili. Cha dereva kilikuwa kimechanika mpaka chuma kinaonekana, na mjomba alikifunika kwa gunia la korosho. Cha abiria kilikuwa na mto wa sufi, na juu ya mto khanga iliyokunjwa vizuri, haina hata punje ya vumbi. Kila safari mjomba alimpakia dada yake kwenye kiti kile ili gari lisizime, na yeye alikubali kwa moyo mmoja, kwa sababu safari zile zilimfikisha Chiwata kwa ndugu yake wa kike. Msimu wa mabibo ukifika alimpelekea ndoo ya uraka, ile pombe changa ya mabibo, akiishikilia kwa miguu yake kwenye kona zote.

"Sikiliza," mjomba akasema, akigonga boneti kwa kiganja. "Siku gari hili litakaposhuka Masasi na kupanda tena bila kusukumwa, na dada yangu amebaki nyumbani, siku hiyo waambie wazee wako waje. Kabla ya hapo tusisumbuane." Akajifuta kiganja kwenye shati. "Kuna mnunuzi wa korosho naye ameulizia. Gari lake linawaka kwa ufunguo."

Kwa hiyo mke wangu alikuwa ndani ya nyaya zile.

Tulipokuwa tunarudi uani, Mama Mwalimu alikuwa amekaa mlangoni pa jiko akipepeta. Aliponiona alitupa ungo, akajifunika khanga kichwani mpaka kidevuni, akakimbilia nyuma ya jiko. Mtu mzima, mnene, anakimbia kama ameona nyoka. Mjomba akaendelea na habari zake kana kwamba hakuna kitu kilichotokea. Mimi nilisimama pale, unga umemwagika miguuni mwangu, nikajisemea moyoni kwamba hapa pana kazi kuliko ya umeme.

Nilianza Jumamosi iliyofuata, na niliendelea hivyo mwisho wa wiki baada ya mwisho wa wiki, muda wote wa kiangazi. Niseme kweli, umeme wa ubaoni na umeme wa pikapu ya mjomba havikuwa na undugu. Ubaoni waya mmoja unatoka kwenye betri, unapita kwenye taa, unarudi, wanafunzi wanapiga makofi. Ndani ya boneti ya mjomba nyaya zilikuwa zimesokotana, na hakuna hata mbili za rangi moja zilizokuwa na kazi moja. Katika miaka ya dhiki, vipuri vilipokuwa havionekani, mjomba alilitengeneza gari kwa chochote kilichopita mbele yake. Pa fyuzi palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Swichi ya taa ilitoka kwenye nyumba ya mtu. Kila kiraka kilikuwa na hadithi, na kila hadithi ilikuwa na marehemu ndani yake.

"Huo usiuguse," angesema, amenisimamia begani. "Huo ni waya wa redio ya shemeji. Aliukata mwenyewe, redio inaimba, ili nifike hospitali na mgonjwa."

"Lakini mjomba, umekauka, unavunjika."

"Shemeji naye alikauka. Tulimwondoa?"

Mimi si mvumilivu. Wanafunzi wangu wanalijua hilo, na chaki zangu zinalijua zaidi. Lakini ningefanyaje? Niliufunga waya wa shemeji kwa utepe wa umeme, nikauacha pale alipouweka. Na jinsi siku zilivyokwenda, nilianza kuzipenda zile hadithi kuliko nilivyotaka. Jioni tulikaa kwenye bodi nyuma, tunatafuna korosho za kuchoma, ananieleza jinsi alivyoshusha mteremko bila breki na bila taa huku mtu amelala juu ya boneti kashika karabai. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na yeye akafurahi kwamba nimecheka.

Gari, hata hivyo, halikupona. Maduka ya Masasi wakati ule yalikuwa yamefurika vipuri vya kutoka nje, vimefungwa kwenye makaratasi ya kung'aa, na mimi nilivinunua kama mtu aliyelogwa. Nilitoa karatasi za sigara nikaweka fyuzi halisi. Nilibadili balbu zote, na zote zikaungua tulipopanda kilima cha kwanza, tukarudi gizagiza kama wezi, nikanunua nyingine. Nilisugua vichwa vya betri vikawaka kama pete. Nikampelekea fundi mmoja wa mjini alternata, ile mashine ndogo inayozalisha umeme injini ikizunguka, akaipima, akasema nzima. Kila mara nilipozungusha ufunguo, gari liliwaka safi, mjomba akaanza kutabasamu, tukaenda mpaka barabara kubwa, likazima. Tukasukuma. Jumamosi inayofuata mjomba anampakia dada yake, wanakwenda Chiwata na kurudi, gari linaimba njia nzima.

"Linamheshimu," mjomba alisema.

"Gari ni chuma, mjomba. Halina heshima."

"Wewe je, lilikuheshimu?"

Kuhusu Mama Mwalimu mwenyewe, hali ilizidi kuwa mbaya. Akiwa kisimani mimi nikatokea, anageuza njia. Akiwa anaota jua, ananyanyuka na mkeka wake. Chakula alinipikia, tena kizuri, ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, lakini kililetwa na mjomba, na yeye nikamwona kwa mbali, mgongo tu. Siku moja mjomba akanisimulia, bila ubaya, kwamba yule mnunuzi wa korosho alipokuja, Mama Mwalimu alimtolea kiti, akampa maji ya kunawa, wakakaa wanaongea bei za msimu mpaka jua likapoa. Niliumia. Nilikuwa nimelala chini ya gari wakati ananiambia, na nashukuru nilikuwa chini ya gari. Huyo mwenye gari la kuwaka kwa ufunguo ametolewa kiti. Mimi mwenye masizi mpaka masikioni nakimbiwa.

Nilimuuliza mchumba wangu, "Mama yako ana nini na mimi?"

"Mama ndivyo alivyo," akasema, akaziba mdomo kwa mkono. Nilidhani anaficha huzuni.

Mambo ya kule niliyajua nusunusu. Mama yangu alikuwa amenifundisha yale yaliyonihusu mimi, kwamba nisipite njia ya mama mkwe, nisimtazame usoni, na kitu anachokalia nisikikalie wala nisikiguse. Hayo niliyashika barabara. Kwa hiyo katika majuma yote yale nilipekua kila pembe ya pikapu, kuanzia taa za mbele mpaka za nyuma, juu ya paa na chini ya chesisi, isipokuwa sehemu moja. Waya mmoja mweusi, mnene, ulitoka kwenye kichwa cha hasi cha betri, ukapenya ukuta wa injini, ukaingia chini ya mkeka wa mpira, ukapotelea chini ya kiti cha abiria. Niliuona siku ya kwanza. Nilipouliza, mjomba alisema waya wa asili uliliwa na kutu, akaweka huo, akaufunga kwenye bolti nzuri huko chini. Nikaitazama khanga iliyokunjwa juu ya kile kiti. Nikasema waya huo ni mzima.

Nani angenilaumu? Nimekuja kuomba binti, nianze kwa kung'oa kiti cha mama yake?

Msimu wa korosho ulifunguka. Jumamosi moja nilifika nikamkuta mjomba amekwenda kupeleka korosho zake ghalani, ametumia lori la mtu, maana pikapu haikuaminika na mzigo. Uani hapakuwa na mtu ila kuku, na mkono wa Mama Mwalimu uliokuwa ukifunga mlango wa jiko haraka. Nilikuwa na mbinu mpya. Yule fundi wa mjini alikuwa amenifundisha kupima kwa balbu ndogo yenye nyaya mbili. Moja unaiweka kwenye hasi ya betri, nyingine unaigusisha kwenye mwili wa gari. Kama njia ya umeme kurudi kwenye betri ni nzuri, balbu haiwaki hata gari likitumia umeme mwingi. Ikiwaka, basi umeme unahangaika kurudi nyumbani, umeona upenyo kwenye balbu yako, umepita hapo. Jambo zuri, rahisi, hata darasani ningelifundisha. Shida ni kwamba anahitajika mtu wa pili. Mmoja ashike balbu mbele, mwingine akanyage breki ndani.

Nilijaribu jiwe juu ya breki, likaanguka. Nilijaribu kijiti, kikavunjika. Nikakasirika, nikaipiga teke gurudumu, nikaumia kidole, nikakaa chini. Nilisema kwa sauti, si kwa mtu, kwamba leo nakusanya spana zangu, sirudi tena, na huyo mnunuzi wa korosho na gari lake aje achukue.

Mlango wa jiko ukafunguka. Mama Mwalimu akatoka kinyumenyume, khanga imemfunika uso wote, mkononi ameshika mchi wa kutwangia. Alinipita kwa mbali sana, akizunguka mti wa mkorosho, na alipofika kwenye gari aliongea na kuku.

"Nyie kuku," alisema, "kama kuna mtu anataka breki ikanyagwe, aseme. Miguu ipo."

Sikujua la kufanya. Kuku nao walikuwa hawajui. Mwishowe nikageukia gari, nikaongea na taa ya mbele.

"Breki ikikanyagwa," nikaiambia taa, "na ikashikiliwa hapohapo, mtu atashukuru sana."

Kiti cha dereva hakukikalia. Alipanda kwenye kiti chake mwenyewe, akakaa kwenye mto wake wa sufi, akageuza uso dirishani, akanyoosha mchi mpaka kwenye breki, akaisukuma. Mimi nikashika balbu. Giza. Haikuwaka kabisa. Njia ya kurudi ni nzuri, nikajiambia, kumbe ugonjwa uko kwingine. Nilipima tena na taa zote zikiwa zimewashwa. Giza.

"Kuku," akasema kutoka ndani, "mkono umechoka."

Akashuka, akazungukia upande wa dereva, akasimama nje, mgongo kwangu, akaingiza mchi mlangoni na kukanyaga breki kwa kusimama. Balbu mkononi mwangu ikawaka.

Nikaitazama. Nikaitikisa. Ilikuwa inawaka vizuri kabisa.

"Taa," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imebadilika, "kama mtu anaweza kurudi alipokuwa amekaa."

Akarudi akakaa. Balbu ikazima. Akanyanyuka kidogo, ikawaka. Akakaa, ikazima. Tulifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na nilikuwa nacheka peke yangu mbele ya boneti kama kichaa. Gari lilikuwa halimheshimu wala halimwogopi. Uzito wake ulikuwa unakandamiza kiti, chuma cha kiti kinakandamiza ule waya mweusi, na waya unagusa chesisi. Akishuka, waya unaachia, betri inabaki haina njia, stata inasema ta, ta, ta, na balbu zinaungua kwa umeme wa alternata usio na pa kutulia. Kila kitu mjomba alichonieleza siku ya kwanza kilikuwa kweli, mpaka kile nilichokicheka.

Kilichobaki ni kunyanyua kiti. Nilikwenda mpaka mlangoni, naye alikuwa ameshuka na kusimama mbali, amenipa mgongo. Niliitazama khanga iliyokunjwa. Niliweka mikono nyuma. Niliwaza kumsubiri mjomba, lakini nilijua nikisubiri itanibidi nimwambie kwamba nilikuwa peke yangu na dada yake tunachezea viti, na hilo sikutaka kulisema. Nikabaki nimesimama pale kama mwanafunzi aliyesahau jibu.

Nadhani aliniona kwa pembe ya khanga. Akaja, mimi nikaruka pembeni na kugeukia ukuta. Nikasikia kishindo, chuma kikilia, halafu mto ukaanguka, halafu kiti chenyewe. Alikuwa ameking'oa kwa mikono yake na kukitupa chini kwenye vumbi jekundu.

"Kuku," akasema, na safari hii hakuwa anatania, "gari likipona, mtu atabaki nanyi hapa nyumbani. Chiwata itakuwa hadithi. Lakini mtoto ni mtoto."

Akaenda zake jikoni. Mwanamke yule alikuwa na safari moja tu maishani mwake aliyoipenda, na alikuwa anajua tangu zamani, naamini alijua, kwamba chini yake kuna kitu. Akakinyanyua yeye mwenyewe ili mimi nisikiguse.

Chini ya kiti palikuwa pameoza. Bolti ilikuwa imevikwa ukungu wa kijani, na juu ya ukungu palikuwa na ganda jeusi, gumu, lenye harufu niliyoifahamu. Uraka. Misimu yote ile ndoo ilimwagika kwenye kona za mteremko, ikapenya chini ya mkeka, ikala shaba na chuma kidogokidogo. Nilifungua nati kwa taabu. Nilipogeuka, mlangoni pa jiko palikuwa na bakuli la magadi na birika la maji ya moto, na hapakuwa na mtu. Nikaosha, nikapiga msasa mpaka chuma kikacheka, nikafunga, nikapaka mafuta ya mgando juu yake. Nilikanyaga breki kwa jiwe, safari hii likakaa. Balbu giza. Nikazungusha ufunguo, na pikapu ikawaka mara moja, bila mtu kwenye kiti, bila kiti chenyewe. Kutoka jikoni kikatoka kigelegele kimoja kifupi, kikazibwa.

Nilikirudisha kile kiti kwa kukishika na gunia, mkono wangu usikiguse.

Mjomba aliporudi nilimwambia waya wa chini ulikuwa umelegea, basi. Hakuuliza nilifikaje huko chini. Siku ya pili tulishuka Masasi. Mama Mwalimu akabaki. Mjomba aliniambia nikae mbele, nikakataa, nikapanda bodi nyuma, na mjomba akatikisa kichwa akicheka kitu alichokijua yeye. Tulishuka na taa zinawaka mchana kweupe, ili tulijaribu, na kwenye kila kona mjomba alikanyaga breki kwa makusudi. Injini haikukohoa hata. Masasi alizima, akanunua soda mbili, tukazinywa tumeegemea gari, watu wanapita na yeye anawasalimia wote, hata asiowajua. Akawasha kwa ufunguo. Katikati ya mlima wa kurudi alisimama pabaya kuliko pote, akazima, akanitazama kupitia kioo cha nyuma. Akawasha. Likawaka.

Tulipoingia uani Makote nilikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele mpaka viatu. Mama Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya uwanja, bila shaka alikuwa anatusikiliza tangu barabarani. Aliona gari, akainua mikono. Kisha aliniona mimi nyuma kwenye bodi. Akajifunika khanga, akakimbia.

Hapo hasira yangu ya siku zote ikanipanda. Niliruka chini.

"Mjomba, gari lako limepona. Nimetimiza. Lakini siwezi kuleta wazee wangu kwenye nyumba ambayo mama hanitaki. Jana alinisaidia, nikadhani moyo wake umegeuka, na leo ananikimbia tena. Kama ni yule mnunuzi wa korosho anayemtaka, aseme."

Mjomba alikuwa bado ameshika usukani. Alinitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akalaza paji la uso kwenye honi, na honi ikalia, nzuri, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwenye gari lile.

"Lulindi," akasema alipoweza, "nyie watu wa Lulindi mlifundishwa nini? Mgeni hapa hakimbiwi. Mgeni hutolewa kiti, akapewa maji, akaulizwa bei za korosho, akaenda zake. Anayekimbiwa ni mkwe." Akajifuta machozi kwa kiwiko. "Dada yangu alikukimbia siku ya kwanza kabisa, unga wote ukamwagika. Neno lako lilikwisha kukubaliwa siku ile. Mimi nilikuwa nataka gari langu tu."